Ndege ya usiku wa manane: Mfanyabiashara wa Chita aondoke lini nyumbani?

TIKETI imeandikwa 03:35, Jumamosi. Tuseme mwenye tiketi ni mnunuzi wa mpunga wa Chita, wilayani Kilombero, ambaye ameuza magunia yake kwa bei nzuri na sasa anataka kwenda China kutafuta mashine ya kukoboa. Anaisoma mara mbili, anaikunja na kuiweka ndani ya hati ya kusafiria. Wakala aliyemuuzia amemwambia afike uwanja wa ndege saa tatu kabla.

Maneno hayo ya wakala ni ya kweli, lakini yametungwa kwa ajili ya mtu anayelala Kariakoo au Sinza. Kwa mtu wa Chita, saa tatu ndiyo sehemu fupi kuliko zote katika safari hiyo. Kazi yenyewe iko kabla ya hapo, na ndipo nauli za watu wengi zinapopotelea.

Kwanza zitazamwe hizo saa tatu zenyewe, kwa sababu wapo wanaodhani ni za kukaa tu. Ndege za kwenda nje ya nchi katika Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere huondokea Jengo la Tatu la Abiria, lililozinduliwa Agosti mwaka 2019. Jengo la Pili, ambalo limekuwapo tangu miaka ya 1980, ni la safari za ndani. Majengo haya hayako mlango kwa mlango, hivyo dereva wa teksi au bodaboda aambiwe mapema ni lipi linalotakiwa.

Mlangoni pana ukaguzi wa mashine: mabegi yanapita, mkanda unavuliwa, simu na sarafu zinatolewa mifukoni. Baada ya hapo ni foleni ya kaunta, ambako mizigo hupimwa na abiria hupewa kadi ya kupandia ndege. Kisha Uhamiaji. Kisha ukaguzi wa pili. Ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 787 ina viti 262, na wenye viti hivyo hawagawanyiki sawasawa katika saa tatu. Wengi hutokea kwa pamoja, kila mmoja na masanduku yake mawili na ndugu wa kumsindikiza.

Kwa mashirika mengi ya ndege kaunta za safari za nje hufungwa saa moja kabla ya kuondoka, na yapo yanayofunga mapema zaidi. Kwa safari za ndani huwa kati ya dakika 30 na 45. Muda halisi umeandikwa kwenye tiketi au kwenye masharti yake, na huo ndio wa kufuatwa. Kaunta ikifungwa imefungwa. Ndege yenyewe inaweza kuwa bado imesimama pale nje, inaonekana kwenye kioo, na mtu asipande.

Abiria wa Chita hakuzoea ukali huo, na hana kosa. Yeye amekulia kando ya reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa Tanzania na Zambia Julai 1976 yenye urefu wa kilomita 1,860. Chita ni moja ya stesheni zake. Wakulima wa bonde hilo waliizoea treni fupi waliyoiita Kipisi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo soko lao linalotembea: ndizi, mchele na kuku vilipandia madirishani. Kwa treni, elimu ya kusafiri ilikuwa moja, nayo ni kusubiri. Mtu alifika stesheni na jamvi lake, akalala, treni ikaja ilipokuja. Kwa ndege mambo ni kinyume. Anayesubiriwa ni yeye, tena kwa dakika za kuhesabu.

Sasa irudiwe ile tiketi ya 03:35.

Kosa la kwanza linaanzia kwenye saa yenyewe. Tiketi zote za ndege duniani huandikwa kwa saa za kimataifa, zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Mswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Tofauti ni saa sita kamili. Kwa hiyo 03:35 ni saa 9:35 usiku, wala si saa 3:35 asubuhi. Atakayeisoma kwa Kiswahili atafika Kipawa ndege ikiwa imekwishaondoka saa sita zilizopita.

Saa zenye namba kubwa hazina matatizo sana. Ikiandikwa 16:20 au 22:15, msomaji anajua hakuna saa 16 wala saa 22 kwa Kiswahili, hivyo anauliza. Za hatari ni kuanzia 01:00 hadi 12:59, kwa kuwa zinafanana na saa za nyumbani. Iliyoandikwa 04:15 ni saa 10:15 alfajiri, lakini inasomeka kama saa nne na robo. Iliyoandikwa 10:15 ni saa nne na robo asubuhi, lakini inasomeka kama saa kumi na robo jioni. Njia rahisi kwa asiyependa hesabu ni kuchukua saa ya mishale na kutazama namba inayoelekeana na ile ya kwenye tiketi: 3 inaelekeana na 9, 4 inaelekeana na 10, 1 inaelekeana na 7.

Lugha ya mawakala nayo inachangia. "Fika saa tatu kabla" na "fika kabla ya saa tatu" ni vitu viwili, na kwenye simu yenye mtandao mbovu, upande wa Mlimba huko, vinasikika sawa. Ndiyo maana wengi husema "masaa matatu", ingawa walimu wa Kiswahili huwakemea. Katika jambo hili wenye makosa ya sarufi wanaeleweka vizuri zaidi.

Kosa la pili ni la siku. Jumamosi 03:35 si usiku unaofuata baada ya mchana wa Jumamosi. Ni usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, kama Waswahili wanavyosema, na msemo huo unafaa kuandikwa kwa kalamu juu ya tiketi. Kuna watu wamekaa Jumamosi nzima wakiaga ndugu, wakachinjiwa kuku, wakaenda uwanjani usiku kwa furaha na kuambiwa ndege yao iliondoka jana yake. Inayopotosha zaidi ni tiketi ya saa sita na kitu usiku. Ndege ya tarehe 12 saa 00:35 inamtaka abiria awe uwanjani tarehe 11 saa 3:35 usiku. Tarehe ya kwenye tiketi na tarehe ya kufika uwanjani hazilingani kabisa.

(Waethiopia nao huhesabu saa kama Waswahili, tangu jua kuchomoza. Hata hivyo tiketi za shirika lao la ndege, ambalo Watanzania wengi hupanda kupitia Addis Ababa, huandikwa kwa saa za kimataifa kama nyingine zote.)

Basi, kwa tiketi hii kaunta itafunguliwa kiasi cha saa 6:35 usiku wa Ijumaa na kufungwa saa 8:35. Mtu wa busara awe mlangoni saa sita usiku. Kutoka hapo ndipo hesabu irudi nyuma hadi Chita.

Mabasi mengi ya Ifakara kwenda Dar es Salaam huondoka asubuhi, na safari hiyo hula sehemu kubwa ya mchana: Kidatu, Mikumi, Morogoro, Chalinze, Kibaha. Sehemu ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, ambayo zamani ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, imewekwa lami katika miaka ya karibuni, na hilo limebadilisha mambo mengi kwa wafanyabiashara wa bonde. Kilichobaki ni upande wa juu, kutoka Ifakara kupitia Mbingu na Mngeta hadi Chita na Mlimba. Huko mito inayoshuka kutoka milima ya Udzungwa inaikata njia kila mahali, na mvua ya usiku mmoja mlimani inatosha kubadilisha ratiba ya watu wa bondeni ambao wao hawakuona hata tone.

Anayetoka Chita asubuhi hiyo hiyo ya Ijumaa hataliwahi basi la asubuhi la Ifakara, labda apate la moja kwa moja linalotokea Mlimba. Kwa hiyo atoke Alhamisi, alale Ifakara, apande Ijumaa asubuhi, awe Dar es Salaam jioni, uwanjani saa sita usiku. Kwenye karatasi hesabu hiyo inakubali. Ina ubaya mmoja tu, kwamba haina akiba hata ya tairi moja. Basi likiharibika katikati ya hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inapita kiasi cha kilomita 50 ndani ya mbuga, au lori likilala barabarani na foleni ikatanda, mambo yameharibika.

Anayetaka kulala usingizi atoke Chita Jumatano, alale Ifakara, afike Dar es Salaam Alhamisi, na Ijumaa yote iwe ya kubadilisha fedha, kununua anachokosa na kupumzika. Hizo ni siku mbili za ziada na vitanda viwili vya gesti. Bei yake ni ndogo sana mbele ya tiketi iliyokufa. Masika aongeze siku moja tena, na kabla ya kuondoka awapigie simu watu wa Mngeta na Mbingu kuuliza hali ya madaraja. Waliosafiri mwanzoni mwa 2024, mafuriko yalipoikumba sehemu kubwa ya Morogoro na bonde la Rufiji, hawahitaji kuambiwa sababu.

Wapo watakaosema mabasi sasa yanasafiri usiku. Ni kweli, mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi. Lakini basi la usiku lifikalo alfajiri halimsaidii mwenye ndege ya saa tisa usiku. Humfikisha ama mapema mno ama amechelewa kabisa.

Treni ya kisasa ya SGR inasaidia zaidi. Tangu Juni 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, na haijui foleni ya Chalinze wala Kibaha. Mtu wa Kilombero anaweza kushuka basi Morogoro mjini, akavuka kwenda stesheni ya SGR, akapanda. Treni zinazosimama njiani humshusha Pugu, ambako ni karibu zaidi na uwanja wa ndege kuliko stesheni kuu ya katikati ya jiji. Nayo inataka tiketi ya mapema na kitambulisho, na milango yake hufungwa kwa wakati. Kwa mtu wa reli ya zamani hayo ni mazoezi mazuri ya ndege.

Atakayefika na basi hadi Kituo cha Magufuli pale Mbezi, kilichofunguliwa mwaka 2021, asivutwe kwenda Ubungo. Ipo barabara ya lami inayotoka Mbezi kupitia Malamba Mawili na Kinyerezi ikatokea Banana, na Banana ni jirani wa uwanja wa ndege. Kuzungukia Ubungo, Barabara ya Mandela na njia panda ya TAZARA wakati wa jioni ni kujitafutia dhiki.

Swali lingine ni la majira, na hapa ndipo fedha za mkulima zinapoguswa hasa. Wengi waendao China kwa ajili ya mashine huyalenga maonyesho ya Canton, mjini Guangzhou, ambayo yamefanyika tangu mwaka 1957. Hufanyika mara mbili kwa mwaka: ya kwanza huanza katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, ya pili huanza katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Mashine huonyeshwa katika awamu ya kwanza ya kila msimu, kwa hiyo anayefika wiki mbili baadaye atakuta vyombo vya nyumbani na nguo.

Kwa mtu wa Kilombero, Aprili ni mwezi mbaya pande zote mbili. Barabara imelowa, mpunga bado uko shambani, na fedha iliyopo ni ya kukopa. Oktoba njia ni kavu, mavuno yamekwishauzwa, na aliyestahimili kuweka magunia ghalani amepata bei. Safari ya Oktoba inampa nafasi ya kutoka nyumbani siku mbili kabla. Safari ya Aprili inamtaka siku nne na bado moyo unadunda.

Zipo siku nyingine za mapema ambazo hazihusiani na barabara. Nchi nyingi hukataa hati ya kusafiria iliyobakiza chini ya miezi sita, na kaunta ndipo watu wengi hugundua hilo, saa saba usiku. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, pale nchi inapokitaka, huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Aliyechomwa juzi yake kwa haraka hana cheti. Jema ni kwamba tangu mwaka 2016 chanjo hiyo hutambuliwa kwa maisha yote, hivyo kadi ya zamani isitupwe. Na atakayebeba fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani au zaidi anatakiwa kuzitamka kwa maofisa wa forodha. Wafanyabiashara huogopa kutamka, ilhali kutotamka ndiko kunakozaa mashitaka.

Mzigo nao una saa zake. Anayebeba sampuli za mchele, kakao au mbegu ili kuonyesha wanunuzi wa nje anahitaji cheti cha usafi wa mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Hicho si kitu cha kutafutwa usiku pale uwanjani. Asali na mafuta vikae ndani ya begi linalopelekwa chini ya ndege. Tangu mwaka 2006, baada ya kugunduliwa njama ya kulipua ndege zilizokuwa zikitoka London, chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100 imekuwa ikizuiwa kwenye begi la mkononi katika viwanja vingi duniani. Na kilo zipimwe nyumbani kwenye mzani wa duka. Mtu anayefungua sanduku kaunta ili kutoa kilo tano za mchele anakula muda wake na wa walio nyuma yake.

Kilombero si ngeni kabisa na mambo ya ndege. Vyura wadogo wa Kihansi, kwenye maporomoko yasiyo mbali na Chita, walipokosa manyunyu baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme, wapatao 500 walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000 kuhifadhiwa. Vyura 100 wakarejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Walifungashwa, wakawekewa unyevu, kila hatua ikiwa imepangwa kabla. Si wasafiri wengi wa wilaya hiyo waliosindikizwa kwa uangalifu kiasi hicho.

Na ikitokea mtu amechelewa? Asirudi Chita kimya kimya. Awapigie simu wenye tiketi kabla ndege haijaondoka, hata akiwa bado amekwama Chalinze. Tiketi nyingi zinaweza kubadilishwa kwa kulipia tofauti na faini, lakini asiyetoa taarifa huhesabiwa kuwa hakutokea. Hapo liko jambo ambalo wengi hawalijui: kwa kawaida anayekosa mguu wa kwanza wa safari hufutiwa na miguu inayofuata, pamoja na ile ya kurudi. Kuna watu waliokosa ndege ya Dar es Salaam, wakajinunulia tiketi nyingine ya kwenda tu, wakidhani ya kurudi bado wanayo. Walilijua hilo wakiwa ugenini.

Wakati wa kurudi hesabu inabadilika tena. Kila muda kwenye tiketi ni wa mahali husika: Guangzhou iko mbele ya Tanzania kwa saa tano, Dubai kwa saa moja, Addis Ababa ni sawa na nyumbani. Ndege ya kurudi ikitua Dar es Salaam saa nane mchana, basi la Ifakara la siku hiyo limekwishaondoka, na ndugu wa Chita waambiwe mapema wasimtarajie hadi keshokutwa. Mashine yenyewe itakuja kwa meli, wiki kadhaa baadaye. Anachoweza kurudi nacho mkononi ni risiti, kitabu cha maelekezo na, kama alizipima kilo zake vizuri, chekeche moja au mbili za akiba.